Mali bila Daftari: Jinsi Moshi Wetu Unavyohesabiwa



Mwanafunzi mmoja wa Kisangani, mwana wa mwuza makala, alituletea swali lililotupendeza sana. Alisikia ya kuwa wilaya fulani imetoa tani elfu kadhaa za hewa ya ukaa katika mwaka mmoja. Akauliza: «Moshi ni kitu chepesi, tena hupotea angani. Wale walioandika hesabu hiyo waliutia moshi katika mizani gani? Au walikisia tu?»

Twamsifu kijana huyu. Hakukubali hesabu kwa sababu tu imeandikwa. Alitaka kujua ilikotoka. Wala swali lake si la shuleni peke yake. Siku hizi hesabu za namna hiyo huleta fedha katika vijiji vingine, na katika vingine huleta lawama. Basi yafaa kila baba na kila mama wa nyumba aelewe zinavyofanyika.

Kwanza tujue kinachopimwa. Ndani ya kuni, ndani ya makala, ndani ya esanse na mazutu mna kitu kimoja kiitwacho kaboni. Tukiwasha moto, kaboni hiyo hushikana na oksijeni ya hewa tunayoivuta, na hizo mbili hufanya hewa mpya: ndiyo hewa ya ukaa. Haina rangi wala harufu. Moshi tunaouona kwa macho ni masizi na mvuke. Hewa yenyewe haionekani kabisa. Kazi yake angani ni kuzuia joto la dunia lisitoke upesi, kama blanketi juu ya mtu aliyelala.

Mwezi wa Machi 1958 mtaalamu wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule, katika sehemu milioni moja za hewa alikuta sehemu 315 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 2013 hesabu ya siku ilifika 400 kwa mara ya kwanza mahali pale, na leo imepita 420. Basi twajua ya kuwa blanketi inazidi kuwa nzito. Lakini kipimo cha Mauna Loa hakituambii nani aliiongeza. Hewa ya Kisangani na hewa ya Chicago huchanganyika huko juu. Ili kujua kila mahali pametoa kiasi gani, lazima turudi chini, kwenye mji wenyewe, kwenye shamba lenyewe, hata kwenye mbabula ya jikoni.

Sasa tumjibu kijana wetu. Hakuna mtu atiaye moshi katika mizani. Watu hupima kile kinachochomwa, kisha hufanya hesabu. Mwenye duka ajuaye ametoa mifuko mingapi ya chumvi hana haja ya kwenda kuchungulia katika vyungu vya watu kila siku. Na hapa ni vivyo hivyo.

Wataalamu wa mataifa yote walitoa mwaka 2006 vitabu vya maagizo juu ya kazi hii. Kwa kufuata vitabu hivyo, kilo moja ya makala ikiungua hutoa kilo 3.3 hivi za hewa ya ukaa. Mtoto atashangaa: Je, kilo moja yawezaje kuzaa kilo tatu? Jibu ni rahisi. Uzito uliozidi umetoka katika hewa. Chembe moja ya kaboni ina uzito wa 12. Ikishika chembe mbili za oksijeni, kila moja uzito wa 16, jumla huwa 44. Ndiyo maana kilo 12 za kaboni safi huwa kilo 44 za hewa ya ukaa. Moto hauumbi uzito mpya. Umekopa tu oksijeni.

Tuseme jamaa moja ya watu saba huchoma kilo 2 za makala kila siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Zidisheni kwa 3.3: mwapata kilo 2,409, yaani tani mbili na kidogo. Ndivyo ifanywavyo na mazutu pia. Lita moja ikiungua katika mashine ya kutia umeme hutoa kilo 2.7 hivi, lita moja ya esanse katika pikipiki hutoa kilo 2.3 hivi. Mwenye mashine akiandika lita alizonunua kila juma, tayari ameandika moshi wake. Mji mzima huhesabiwa hivyohivyo: lita zilizouzwa, makala yaliyoingia kwa mitumbwi, kwa baiskeli na kwa malori, saruji iliyopikwa, takataka zilizooza. Kila kitu kina namba yake ya kuzidishia.

Lakini mwandikaji wa hesabu hii lazima aangalie asihesabu kitu kimoja mara mbili. Mti ukikatwa, watu wa misitu huandika katika daftari lao ya kuwa kaboni ya mti ule imeondoka. Makala ya mti uleule yakiungua mjini, je, tuandike tena? Tukifanya hivyo, mti mmoja utakuwa miwili katika karatasi. Kwa hiyo maagizo yasema: hewa ya ukaa ya kuni na makala huhesabiwa katika daftari la misitu, wala haijumlishwi tena katika daftari la mioto. Tena mahali pale mti ulipokatwa, kama pameachwa na chipukizi zimeota zikawa miti mikubwa, miti hiyo huivuta tena hewa iliyotoka. Deni limelipwa. Kama pamekuwa uwanda mtupu, deni limebaki.

Hata hivyo mchomaji makala asifikiri ya kuwa amesamehewa. Katika tanuru ya udongo kuni huungua kwa kunyimwa hewa, na moto wa namna hiyo hutoa hewa nyingine, iitwayo metani. Kwa miaka 100, kilo moja ya metani huzuia joto kama kilo 28 hivi za hewa ya ukaa. Hiyo huandikwa pale pale kwenye daftari la mioto. Tena kupata kilo moja ya makala huenda kukala kilo 5 hata 10 za kuni, kadiri ya ufundi wa mchomaji na ukavu wa kuni. Mchomaji mwenye subira, akaushaye kuni zake na kuziba tanuru yake vizuri, hupata mifuko mingi zaidi katika miti michache zaidi. Yeye mwenyewe apata faida, na msitu wapata nafuu.

Sasa twende msituni, maana katika nchi yetu ndimo ilimo sehemu kubwa kabisa ya hesabu. Congo haina viwanda vingi, na umeme wake karibu wote hutoka katika maporomoko ya maji. Hewa yetu ya ukaa hutoka zaidi katika miti inayokatwa na kuchomwa. Je, mti uliosimama hupimwaje, nao hauwezi kubebwa?

Mpimaji huzungusha utepe wake kwenye shina, mahali palipo na urefu wa meta 1.30 toka ardhini. Kama mti una mizizi mipana iliyotanda kama mbawa, hupanda ngazi, akapima juu yake, maana akipima chini ataupa mti unene usio wake. Kisha huandika jina la mti, maana mti wa mbao ngumu una kaboni nyingi kuliko mti mwepesi wa unene uleule. Mwisho hupima urefu. Kwa vitu hivyo vitatu iko kanuni ya hesabu, iliyopatikana kwa kukata na kupima miti mingi katika nchi nyingi za joto. Mti wenye upana wa sentimita 40, urefu wa meta 25 na mbao za ugumu wa katikati, ukikaushwa ungekuwa na uzito wa tani moja na robo hivi, pasipo kuhesabu mizizi. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Ukiteketea wote, utatoa zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa. Kumbe mti mmoja wa namna hiyo walingana na makala ya jamaa ile kwa mwaka mzima!

Hapa ndipo penye jambo kubwa tunalotaka mlikumbuke. Kanuni za kuazima zaweza kudanganya. Huko Yangambi, kwenye mto Congo, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani, wataalamu waliingia msituni wakapima urefu wa miti yenyewe. Hapo mbele watu walikuwa wakipima unene tu, na urefu walikuwa wakiukadiria kwa kanuni zilizotoka katika misitu ya mbali. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa: miti ya Yangambi ni mifupi kuliko kanuni zile zilivyosema. Kwa hiyo kaboni iliyoandikwa ilikuwa imezidi kweli. Katika msitu mzee usioguswa walikuta tani 162 hivi za kaboni kwa hektari moja juu ya ardhi. Hakuna aliyesema uongo hapo mbele. Walivaa tu kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Ukubwa wa msitu uliokatwa hujulikana kwa msaada wa setilaiti, vyombo vizungukavyo juu sana na kuipiga dunia picha. Vya namna ya Landsat vilianza kazi mwaka 1972. Picha zake za tangu miaka ya 1980 huigawa nchi katika miraba ya meta 30 kwa 30. Shamba la muhogo likifunguliwa, mraba hubadilika rangi. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2018 ulisoma picha za miaka ya 2000 hata 2014. Ulionyesha ya kuwa katika kila sehemu 100 za msitu zilizoguswa katika bonde la Congo, sehemu 84 ziliguswa na mashamba madogo yalimwayo kwa mkono. Lakini picha ina udhaifu wake. Toka juu, kichaka kilichoota katika shamba la zamani chafanana na msitu, na mawingu hufunika mengi. Lazima mtu wa miguu aende atazame, na mtu huyo anayejua njia ni mwenyeji.

Mtu aweza kusema: «Hizi zote ni hesabu za karatasi. Nani amesikia msitu wenyewe ukipumua?» Swali hili nalo limepata jibu lake Yangambi. Mwaka 2020 mnara wa chuma wenye urefu wa meta 55 ulisimamishwa katika msitu ule, kwa kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Gand cha Ubelgiji na shirika letu la uchunguzi wa kilimo, INERA. Huo ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika msitu wa bonde la Congo. Juu ya vilele vya miti, vyombo vyake hupima upepo mara nyingi katika kila sekunde: wapanda au washuka? Na kila mara huhesabu hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Mchana, majani yanapokula mwanga wa jua, upepo ushukao huleta hewa ya ukaa nyingi kuliko ile ipandayo; msitu umeimeza. Usiku mambo hugeuka, maana miti na udongo hupumua. Ukijumlisha michana na siku za usiku za mwaka mzima, wapata kujua kama msitu umeweka akiba au umetumia. Na kama hesabu ya utepe na hesabu ya mnara zikikaribiana, twapata mashahidi wawili.

Tena Yangambi yatufundisha habari ya subira. Tangu 1937 hata 1958, wafanyakazi wa kituo kile walikuwa wakienda kutazama miti ya aina zaidi ya 500, wakaandika kwa mkono: huu umetoa maua, huu una matunda, huu umeangusha majani. Madaftari yale yalikaa miaka mingi sana. Siku hizi yamesomwa tena, yakatiwa katika mashine za hesabu, nayo yawafaa wataalamu kuona jinsi miti ilivyoishi wakati ule. Waliokuwa wakitembea msituni na kalamu zao hawakujua kazi yao itamfaa nani. Walitazama, wakaandika walichokiona. Inatosha.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mali ipo kweli. Mwaka 2018 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na mfuko mmoja wa Benki ya Dunia juu ya misitu ya mkoa wa Mai-Ndombe. Mfuko uliahidi kulipa dola 5 kwa kila tani ya hewa ya ukaa iliyozuiwa isitoke, hata kufika tani milioni 11. Yaani dola milioni 55 kwa jumla. Tazameni vizuri: fedha haikuahidiwa kwa miti, iliahidiwa kwa hesabu. Daftari likikosa, mwenye haki hapati kitu. Daftari likitiwa chumvi, mtu wa mbali hulipa tani zisizokuwapo, na moshi wazidi angani hali kila mtu amefurahi.

Kosa laweza kuingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mwaka wa mfano. Kusema «tumezuia» ni kulinganisha na hapo mbele. Tuseme kijiji kilikuwa kikikata hektari 100 kila mwaka, na mwaka huu kimekata 70. Kimeokoa 30. Lakini mwandikaji akidai ya kuwa bila yeye wangalikata 200, ataandika 130, na 100 katika hizo ni hewa tupu. Mlango wa pili ni jirani. Kama watu wameacha kukata hapa kwa kuwa wamekwenda kukata ng'ambo ya mto, hakuna kilichookolewa. Mlango wa tatu ni usahaulivu: mtu hupima mwaka mmoja, hutoa tangazo, kisha harudi tena. Msitu uliolindwa miaka mitano waweza kuchomwa katika majuma mawili ya kiangazi.

Baba wa kijana aliyetuandikia atauliza: «Basi, mimi ndimi mwenye kosa la dunia?» Sivyo, ndugu yetu. Hesabu hizihizi zakutetea. Ukitazama mazutu, esanse na makaa ya mawe peke yake, mtu mmoja wa Congo hutoa hewa ya ukaa isiyofika kilo 100 kwa mwaka. Mtu mmoja wa Marekani hutoa zaidi ya tani 13. Asiyepima hawezi kusema neno hilo mbele ya wakubwa wa dunia. Alipimaye husema, akaaminiwa. Lakini mtetezi mwema hafichi sehemu yake. Misitu yetu inapungua, na watoto wako ndio watakaouliza mvua imekwenda wapi na kuni zimekwenda wapi. Mzani mmoja hupima deni la mwenzako na deni lako.

Sasa tuwape kazi. Wanafunzi, jaribuni jambo hili kwa juma moja, kwa ruhusa ya mama zenu. Jumatatu asubuhi pimeni makala yaliyomo mfukoni. Kila asubuhi pimeni tena, mkaandike yaliyopungua, na idadi ya watu waliokula. Yakiletwa makala mapya, yaandikeni nayo. Juma likiisha, jumlisheni, gawanyeni kwa siku na kwa watu. Juma la pili, mama atumie mbabula iliyozibwa kwa udongo, au afunike chungu kwa mfuniko, nanyi mpime vilevile. Mtaona kwa namba zenu wenyewe kama kuna tofauti. Msiandike namba nzuri ili kumpendeza mwalimu. Siku mama alipopika maharagwe makavu na makala yakaisha, iandikeni nayo.

Nanyi wazazi, na wakubwa wa vijiji: siku wageni watakapokuja na utepe na karatasi kuhusu msitu wenu, wapokeeni kwa heshima, mkawaulize maneno matatu. La kwanza: Mmepima wenyewe, au mmeazima kipimo cha mahali pengine? La pili: Mwatulinganisha na mwaka gani, na nani aliuchagua? La tatu: Nakala ya hesabu itakaa kwetu kwa nani? Mpimaji wa kweli hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi, maana amepata watu wa kumsaidia. Na vijana wenu waliokwenda shule wafuatane naye, wakamate mwisho mmoja wa utepe, na waandike katika daftari la kijiji kila anachoandika yeye.

Kwa mwana wa mwuza makala twasema: Mzani wa moshi upo, kijana. Ni mzani uleule ambao baba yako hutumia kila siku sokoni kuuzia makala yake. Nenda kautumie, na kalamu iwe karibu.